Mwaka Tuliopokewa Chumvini

Veronika Chilumba tumemzika Mingoyo, juu kidogo ya njia panda, kwenye udongo mwekundu ulionishika kandambili mpaka nikazivua nikatembea peku. Nilitoka Rasbura asubuhi na mjukuu wangu Rukia, nikakuta wanawake wamekwisha kutandika mikeka nyuma ya nyumba na masufuria ya msiba yako motoni. Walikuwa wanaimba nyimbo zao za kanisani. Mimi nikakaa na wao, nikavuta uradi wangu kimoyomoyo, maana Mungu ni mmoja na Veronika alinijua. Mkamwana mmoja wa pale, aliyeniletea chai ya tangawizi, akanipa shikamoo, akaniuliza kwa adabu, "Bibi, wewe na marehemu mlikuwa ndugu wa wapi?" Nikamwambia hatukuwa ndugu, tulianza kazi siku moja. Akaitikia, akaenda zake na birika lake, nami nikaona jibu langu limemtosha haraka mno. Kwa watoto wa sasa kuanza kazi siku moja ni jambo la kukutana tu, kama watu wawili kwenye foleni ya zahanati. Kwetu haikuwa hivyo, na tangu nirudi nyumbani sijatulia. Basi naandika ya mwaka ule, kwa sababu katika wale tulioingia pamoja nimebaki peke yangu mwenye kuujua.

Mashamba ya chumvi yalikuwa upande wa pwani, ukiacha Miteja ukashuka kwenye mikoko mpaka unafika mahali ambapo ardhi inaacha kuotesha kitu chochote. Sisi tulipaita Chumvini. Wanaume walijenga matuta na kufungulia maji ya bahari yaingie kwenye majaruba, jua likayanywa maji, chumvi ikabaki, na kuikomba ilikuwa kazi ya wanawake. Watu wapya walichukuliwa mwanzo wa kiangazi, wakaangaliwa mpaka mvua ya kwanza, na hapo ndipo mtu aliambiwa amekubaliwa au arudi kwao. Aliyekubaliwa alipewa chumba chake kambini. Chumba chenyewe kilikuwa cha mawe na udongo, makuti juu, mlango mmoja na dirisha la kupitisha paka, lakini kilikuwa chako, ukifunga umefunga. Siku ile tuliingia wanawake wanne: mimi Somoe Issa, Hadija Mnali kutoka Matandu, Mwanaidi Kipengele ambaye hakumaliza hata kiangazi akaolewa, na Veronika, Mmakonde wa huko juu Newala, aliyeshuka na mzigo mdogo mno kwa mtu aliyetoka mbali vile. Msimamizi, Bwana Mfaume Nassoro, alitupanga uani akatueleza masharti, nayo hayakuwa mengi. La mwisho alilisema akitazama pembeni, maana alikuwa mtu wa haya: "Na tajiri hataki mimba kwa wageni. Atakayeonekana nayo kabla ya mvua, atarudi kwao. Akishakuwa mtu wa humu, hilo ni lake na mumewe." Kisha akatukabidhi kwa Bi Esha, akaondoka upesi kama aliyetua gunia.

Bi Esha Mketo alikuwa mwanamke mfupi, mweusi wa kung'aa, miguu yake imepasuka visigino kama udongo wa kiangazi. Hakutukaribisha kwa maneno. Alitukalisha kwenye jamvi ndani ya chumba cha wageni, kilichokuwa mwisho wa safu, ubavuni mwa ghala la magunia, akaagiza maji ya moto, akatuosha miguu mmoja baada ya mwingine. Aliiosha huku akiisoma. Alipapasa kila kidole, akatenganisha, akatafuta mchubuko, na aliyekutwa na kidonda kama Mwanaidi aliambiwa hataingia jarubani mpaka kipone, hata kama ni wiki ngapi. Alitupaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na nta, akatufunga vitambaa. Alipofika kwenye miguu ya Veronika alikaa nayo muda mrefu, akaibonyeza juu ya kifundo, akaitazama pale alipobonyeza. Wakati ule nilidhani anashangaa miguu ya mtu wa mlimani jinsi isivyojua maji.

Kisha kikaletwa chakula, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi, nacho kilikuwa chapwa, hakina hata chembe ya chumvi. Hadija, ambaye mdomo wake haukujua kufunga, akasema tumekuja kufanya kazi ya chumvi na chumvi yenyewe tumenyimwa. Bi Esha akamjibu kwamba hata mwari akiwa ndani halishwi chumvi, na sisi hapa ni wari, kwa hiyo tule tunyamaze. Wote wanne tulikuwa tumechezwa makwetu, Veronika kwa Kimakonde chao na mimi kwa Kimatumbi changu, hatukuhitaji kufafanuliwa. Tulikula chapwa siku zote alizokuwa akitufundisha. Asubuhi alituingiza jarubani akatufundisha kutembea upya kama watoto. Unyayo haunyanyuliwi, unaburutwa, ukinyanyua tope linaamka chini. Ubao wa kukombea unaulaza, huukandamizi, ukiukandamiza unapanda na tope na chumvi inakuwa ya kijivu, inauzwa kwa wakaushaji wa samaki wa ng'onda tu. Alitupaka masizi chini ya macho kwa sababu ya mng'ao ule mweupe unaotoa watu machozi. Jioni tulirudi midomo imekauka, tukala kisamvu kisicho na ladha, tukalala. Siku aliporidhika, alichukua chumvi ya jaruba tulilolikomba wenyewe, akapita na kumtilia kila mmoja kwenye mboga yake kwa vidole vyake, akitutaja majina. Mimi nimekula karamu nyingi maishani, za harusi na za idi. Ile mboga bado naijua mdomoni.

Rukia mwenyewe ameajiriwa mwaka huu kwenye hoteli moja hapa Lindi. Waliwaweka ukumbini, wakawapa maji ya chupa na fulana, akaja bwana kutoka Dar akawaonesha picha ukutani, akawaambia karibuni, sasa ninyi ni familia yetu. Nikamuuliza kama huyo bwana analijua jina lake. Akacheka, akasema, "Bibi nawe, tulikuwa kibao, na jioni akapanda basi lake." Simlaumu yule bwana, ana kazi yake. Lakini Rukia alipoharibu jambo dogo wiki ya kwanza alikuja kulia kwangu, hakujua pale kazini alie kwa nani.

Siku ileile ya chumvi, Bi Esha alitukalisha tena akatupa kila mmoja kipande cha kitambaa kilichoviringishwa, ndani yake mna shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia. Hapo ndipo alipotueleza jambo ambalo Bwana Mfaume hakutueleza na asingeweza. Kwetu sisi watu wa kusini, mwanamke aliye katika siku zake hatii chumvi chunguni. Humwita mtoto aje atie. Sisi wote tulipata kuwa yule mtoto wa kuitwa, tukatia bila kujua kwa nini. Sasa mwanamke ambaye hathubutu kutia chumvi kwenye chungu cha watu watano ataingiaje kwenye jaruba ambalo chumvi yake italiwa na miji? Kwa hiyo, alisema Bi Esha, aliye katika siku zake haingii. Hasemi kitu, hajielezi kwa mtu. Anachukua shazia yake, anakwenda ghalani kwenye mkeka, anashona magunia mpaka zipite. Wanaume wakimwona wanajua, nao wanajifanya hawajui. Zamani, kabla yake, wanawake walikuwa hawaji kazini kabisa siku hizo na wengi walifukuzwa kwa utoro. Yeye ndiye aliyekwenda kwa Bwana Mfaume akamwambia, nipe mkeka wa magunia niupange mwenyewe, usiniulize nani kakaa na kwa nini. Naye alikubali kwa sababu moja tu, kwamba Bi Esha hakupata kumwambia neno likawa siyo. "Mkeka ule umetandikwa juu ya mdomo wangu," alituambia. "Usije ukaukalia kwa uvivu."

Mwezi ukaisha, nikakaa mkekani, Hadija akakaa, Veronika hakukaa. Mwezi wa pili vilevile. Tulikuwa tunalala chumba kimoja, nikaona anavyofunga kanga juu ya tumbo na siyo kiunoni, anavyogeuka ukutani akivua. Hadija akamtania kwenye chakula, "Dada Vero, wenzio chapwa ilitukondesha, wewe ilikunenepesha, na sasa tumetiwa chumvi si utapasuka." Veronika hakucheka wala hakukasirika, aliendelea kumega tonge. Baadaye, tunaosha vyombo kisimani, akaniambia bila mimi kuuliza kwamba ni kweli, na kwamba aliyempa mimba ile hayupo tena katika habari zake. Kwao hawezi kurudi. Anachotaka ni mvua imkute bado yupo, apewe kile chumba, azalie ndani ya mlango unaofungwa. Hakutaka kingine. Alilisema kama mtu anayeagiza kitu dukani, taratibu, kwa bei anayoijua. Nami tangu siku ile nikawa nalitazama wingu kila asubuhi kwa ajili yake, na lilikuwa bado mbali.

Mchana mmoja, wakati wa kupumzika jua la utosini, nilikuwa nimelala jamvini na upande wa pili wa ukuta Bi Esha alikuwa amekaa na shoga yake Bi Sharifa Likunda. Ukuta ule wa udongo ulikuwa hauzuii kitu. Bi Sharifa alikuwa na sauti ya kukwaruza hata akinong'ona.

"Mwari wako wa Kimakonde hajagusa shazia tangu aje," alisema. "Nawe unajifanya umeota ukungu machoni."

"Nimeona. Niliona tangu namuosha miguu."

"Umeona, halafu? Mfaume atakuuliza siku ya kupokewa. Ukimficha huyu, na mwezi wa pili tumbo likasimama mlangoni, tutaambiwa nini? Tutaambiwa kila mwenye siku zake aende mwenyewe ofisini akamweleze mwanaume mambo ya ndani ya nguo. Nani ataweza? Wataingia jarubani hivyohivyo, Esha, na watu watakula."

Nilisikia Bi Esha anavunjavunja kitu, labda ganda la karanga. Bi Sharifa akashusha sauti akamuuliza kama hana huruma na wao waliokuwa naye siku zote. Akajibiwa neno moja tu, "Ninayo," na sikuweza kujua limemwendea nani.

Sijui kama Veronika aliyasikia naye, au kama ni Hadija aliyempa akili ile. Ninachojua ni kwamba asubuhi moja nimekaa mkekani, mimi kwa haki yangu, nikaona Veronika anaingia ghalani na shazia mkononi, anakaa, anavuta gunia. Kwa mtu mwingine lingekuwa jambo dogo, mwanamke amekaa anashona. Kwetu lilikuwa zito, kwa sababu mkeka ule haukupata kukaliwa kwa uongo, na Veronika alilijua hilo kama tulivyolijua sote, maana hata kwao ni watoto wanaotia chumvi. Kila mshono wake ulikwenda upande. Bi Esha akaingia. Akamtazama, akaketi karibu naye, akaishika ile shazia pamoja na mkono wenyewe.

"Hapa hukumdanganya Mfaume," alimwambia polepole. "Mfaume haji huku. Umetudanganya sisi."

Veronika akasema, "Bi Esha, nikirudi juu narudi wapi?"

"Sikukwambia urudi. Nimekwambia uinuke hapa." Akamsaidia kuinuka, akamfunga kanga yake vizuri, juu ya tumbo, wazi, mbele yetu, kama mtu anayemvisha binti yake kwenda shughulini. "Kakombe chumvi. Ubao ukikuchosha, simama. Uliyenaye tumboni hajaniomba kazi, usimfanyishe."

Kuanzia siku ile hakuna aliyemtania tena. Bi Esha alimpa jaruba la karibu na kambi lililokuwa na kina kidogo, na majaruba ya mbali akayakomba mwenyewe pamoja na umri wake. Alitoka huko jioni akiwa amekunjika, hawezi kunyooka mpaka akae. Sisi tuliokuwa wapya tukajua jinsi itakavyokuwa: ataulizwa, na hajui kusema uongo, na Veronika atashuka barabarani na mzigo wake uleule. Hata tulianza kumtafutia cha kuondoka nacho. Hadija alitoa kanga yake mpya ya pili. Mimi nilimwekea mchele.

Wingu lilikuja ghafla mwaka ule. Bwana Mfaume alitaka watu wapokewe kabla njia haijaharibika, akatuita uani, akaketi kwenye kiti na Bi Esha akasimama ubavuni. Desturi ilikuwa hivi: anamtaja mtu, anageuka kwa Bi Esha, na Bi Esha akisema "Amefundika," imekwisha, umekuwa mtu wa Chumvini. Akanitaja mimi. Amefundika. Akamtaja Hadija. Amefundika, alisema, ila mdomo, na watu wakacheka kidogo. Akamtaja Veronika Chilumba. Bi Esha akangoja mpaka Bwana Mfaume akainua macho.

"Amefundika," alisema. "Na ana mimba."

Bwana Mfaume aliuinamia mkono wake, akasema kwa sauti ya chini ya mtu anayesikitika kweli, "Bi Esha, ungenyamaza tu. Mimi nisingeuliza zaidi ya hapo."

"Najua usingeuliza. Ungekuja kuona. Na siku hiyo hawa wangekwenda na shazia zao kwa nani?"

"Basi nifanye nini? Masharti nimewaambia siku ya kwanza. Mgeni mwenye mimba hapokewi."

"Huyu siyo mgeni," alisema Bi Esha.

Hapa nieleze jambo moja kwa asiyejua. Kulikuwa na haki ya watu wa zamani pale Chumvini, na wanaume wawili watatu walikwisha kuitumia. Mtu aliyechoka na kazi angeweza kutoka, akamwingiza mwanawe mahali pake. Aliyeingia hivyo hakuangaliwa kiangazi kizima wala hakuwa mgeni, alirithi jaruba na chumba siku hiyohiyo. Bi Esha hakuzaa. Kwa hiyo hakuna aliyepata kufikiri kwamba haki ile inamhusu.

"Mimi nimechoka," alisema. "Natoka leo. Mwanangu anaingia mahali pangu."

Bwana Mfaume alimtazama yeye, akamtazama Veronika aliyesimama na msalaba wake mdogo shingoni. "Mwanao? Mmakonde wa Newala?"

"Nimemwosha miguu, nimemlisha chapwa, nimemtia chumvi kwa mkono huu. Mwari wangu ni mwanangu. Ukiona nimesema uongo, niambie hapa mbele ya watu."

Bi Sharifa, ambaye ndiye aliyeogopa kuliko wote, akajibu kabla ya msimamizi. Alisema, "Ni mwanawe," kwa ile sauti yake ya kukwaruza, na wanawake wakaipokea safu nzima, Binti Mohamedi, Zuhura Ngwele, Fatuma Mbonde, Mwanahawa Saidi, kila mmoja kwa kinywa chake. Bwana Mfaume akaandika. Kisha akavua kofia yake, akaipangusa, akaivaa tena, asijue pa kutazama.

Bi Esha alitoka asubuhi ya pili yake, kabla mvua haijashika. Alikuwa na mtoto wa dada yake huko Somanga, ndiko alikokwenda, na kila mtu alijua kwamba nyumba ile ni ya watu wengi na yeye atalala kwa kuhurumiwa. Chumba kile ndicho kilichokuwa kwake. Alikuwa amekifagia, akaacha kitanda cha kamba, mtungi, na kinu kidogo. Veronika alimfuata mpaka mwisho wa matuta, akapiga magoti kwenye tope, akaishika miguu ile iliyopasuka. Bi Esha akamwambia ainuke, tope lile ni baya kwa nguo. Akaenda. Hakugeuka, na hakuwa mtu wa kugeuka.

Bi Sharifa ndiye aliyeshika mkeka baada yake. Bwana Mfaume hakuuliza kitu, wala mwaka ule wala iliyofuata, mpaka mashamba yalipofungwa. Niliwaona wasichana waliokuja nyuma yetu wakipewa shazia zao bila kujua ni ya nani gharama yake. Habari ya kufa kwa Bi Esha tuliletewa katikati ya mvua na mtu aliyepita na baiskeli. Alikuwa amekwisha kuzikwa. Kilikuwa kifua, alisema yule mtu. Veronika wakati ule alikuwa mzito, tukamzuia asitoke, naye akakaa kwenye kizingiti cha chumba kile kutwa nzima, akitazama maji yanavyojaza majaruba matupu.

Mtoto alizaliwa mle ndani, mlango umefungwa. Bi Sharifa alimpokea, akatuonesha, wa kike. Sisi wote tulidhani jina tunalijua. Hadija alikuwa amekwisha kuanza kumwita Esha. Veronika akakataa, akamwita Anastazia, na wanawake wakanuna, Bi Sharifa zaidi ya wote, akasema kumbe dini imezidi shukrani. Nilikwenda kumpelekea uji, tukawa wawili, nikamuuliza. Sikumuuliza kwa ugomvi, nilitaka kujua.

"Somoe," alisema, "jina lile nitalitajaje? Nikimtuma maji, nilipigie kelele uani? Akikosea, nilichape?" Akamhamishia mtoto ziwa la pili, akamfunika kichwa. "Acha likae."